Ndimu ya Unga

Magadi vikombe viwili. Ndimu ya unga kimoja.
Wanga wa mahindi nusu, na nusu hiyo usiijaze:
ndivyo nilivyoelekezwa na mtu wa bara,
asiyejua kuwa hapa Makorora hewa yenyewe ina maji
na unga hunywa bila kukaribishwa.

Nilifunga madirisha. Feni nikaizima.
Nikaziba kwa taulo chini ya mlango
kama mtu anayeficha moshi.
Mafuta ya nazi, niliyoyakamua mwenyewe,
na langilangi matone kumi kutoka kwa Shekue,
aliyeniapia kwa mamake kuwa hayajachanganywa.
Niliyanusa. Nikamwonea huruma mamake.

Maji usitie, hata tone.
Spiriti tu, kwa chupa ya kunyunyizia, nusu pumzi,
kisha ufinye, ufinye,
hadi unga ushikane kiganjani
kama mchanga mbichi kaa anaoutupa nje ya shimo.
Ukiharakisha, unabomoka.
Ukichelewa, unaanza kunong'ona.
Kalibu zangu ni vifuu viwili vya nazi ndogo,
nimevisugua kwa msasa hadi ndani vikateleza.

Tufe za povu arobaini, alisema Shemhilu wa hoteli ya Raskazone.
Arobaini, Ijumaa, saa nne, na ziwe kavu.
Wageni wake wana mabafu marefu,
hulala humo wakitazama dari.
Mimi sijawahi kulala ndani ya maji.
Huoga nimesimama, ndoo na kopo,
na bomba likikauka, kopo peke yake.

Alhamisi usiku ikanyesha.
Si ile ya kupiga bati. Ile nyingine,
inayoingia ndani bila hodi
ikakaa kwenye shuka, kwenye chumvi, kwenye viberiti.
Saa nane nikasikia sauti jikoni,
ndogo, nyingi, kama wanawake
wanaomsema mtu aliye chumba cha pili.
Nikawasha taa.
Zimevimba. Zimeota vipele.
Zimefura kama maandazi ya bi harusi mgeni,
zote arobaini,
zikitoa pumzi niliyokwisha kuilipia.

Sikulia. Nilihesabu.
Magadi elfu nane, ndimu elfu kumi na mbili,
spiriti, na yale machozi ya mama Shekue.

Mavyaa akaamka kwenda msalani,
akasimama mlangoni, khanga kifuani.
Bi Mwanasiti: miaka ishirini na sita kiwanda cha kamba,
mchana kutwa juu ya saruji,
visigino vina nyufa za kuficha shilingi.
Miaka kumi na moja tunaishi nyumba moja
na maneno yetu mengi ni ya chumvi: imezidi, imepungua.
"Kinachemka nini?"
"Pesa yangu."
Akatazama sinia. "Basi lete karai kabla haijaisha."

Nikamimina maji ya moto, nikazamisha tatu
ambazo hazijafa kabisa.
Zikazunguka, zikaguna, zikafoka nyeupe.
Akatia mguu mmoja. Akautoa.
Akaurudisha.
"Zinanitekenya," akasema, kama anayeshtaki,
kisha akacheka midomo imefumbwa, asiamshe wajukuu,
mabega yakacheka badala yake.
Nikatia nyingine. Na nyingine.
Sijui ni saa ngapi aliposogeza miguu yake upande,
akasema bila kunitazama,
"Unangoja nini? Yatapoa."

Karai ni dogo. Kidole changu kiligusa chake.
Hakuna aliyeomba radhi.

Asubuhi nilimpigia Shemhilu, nikamwambia Jumatatu,
nikamwambia, mvua ikitupa nafasi.
Hakufurahi, na ana haki.
Mavyaa alikuwa ameshaketi na ungo, anachekecha magadi
na kulalamika kuwa sijui kuchekecha.

Vikombe viwili. Ndimu kimoja.
Wanga nusu,
na nusu hiyo, sikiliza, ijaze.